Mwenye Baraza na Maneno ya Wageni Wake: Kejeli ya Kisiasa Inapoishia Mahakamani

Tarehe 24 Oktoba 2011, Julien Sanchez, aliyekuwa akiwania ubunge katika mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, kwa tiketi ya National Front, chama cha mrengo mkali wa kulia, alirusha kijembe kwenye ukurasa wake wa Facebook. Aliyelengwa alikuwa Franck Proust wa chama cha UMP, mbunge katika Bunge la Ulaya na naibu wa meya wa mji huohuo. Ilikuwa imetangazwa kwamba tovuti ya Proust ingefunguliwa siku hiyo, lakini kila aliyeitembelea alikuta sifuri tatu tu. Sanchez akaandika kwamba chama chake kimezindua tovuti yake mpya kwa wakati uliopangwa, kisha akawaomba wasomaji wamkumbuke mbunge wa UMP na zile sifuri zake tatu zenye nuksi. Ilikuwa kejeli ya kawaida, ya aina ambayo wapambe wa vyama vya siasa huitoa kila siku popote penye ushindani, na iliyokuwa na msingi wa kweli, kwa kuwa sifuri zilikuwapo na kila mtu aliziona.

Miaka kumi na moja na karibu miezi saba baadaye, tarehe 15 Mei 2023, majaji 17 wa Jopo Kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg, walitoa hukumu katika shauri lililoanzia kwenye kijembe hicho. Makala hii inakusudia kueleza jinsi sifuri tatu zilivyofika mbele ya majaji 17, kwa sababu ndani ya safari hiyo yamo karibu maswali yote ambayo sisi huku Afrika Mashariki tunayachanganya tunapozungumzia kejeli za kisiasa mtandaoni: ni lini mzaha unageuka kosa, ni nani anayebeba lawama kwa maneno ya mchangiaji, na kwa nini maoni yaliyo chini ya chapisho huishia mahali ambapo chapisho lenyewe halikuelekea.

Wachangiaji wa Sanchez hawakukaa kwenye sifuri. Mmoja aliandika, kwa dhihaka, kwamba yule «mtu mkubwa», yaani Proust, ameigeuza Nîmes kuwa Algiers, mji mkuu wa Algeria, kwamba hakuna mtaa usio na duka la kebabu na msikiti, na kwamba wauza dawa za kulevya na makahaba wametamalaki. Mwingine akaongeza maoni yake, akiwahusisha Waislamu wa mji huo na biashara ya dawa za kulevya. Mwenzi wa Proust, ambaye jina lake linasikika kuwa la asili ya Afrika Kaskazini, aliyasoma maneno hayo na kujiona ametukanwa yeye binafsi. Tarehe 26 Oktoba alimwandikia mwendesha mashtaka. Siku iliyofuata Sanchez alibandika ujumbe akiwataka wageni wake wawe waangalifu na wanayoyaandika, lakini maoni yaliyokuwa yameshachapishwa hakuyagusa.

Februari 2013 mahakama ya Nîmes iliwatia hatiani watu watatu, yaani wachangiaji wawili pamoja na Sanchez, na kila mmoja akatozwa faini ya yuro 4,000. Mahakama ya rufaa ilipunguza faini ya Sanchez hadi yuro 3,000 na kumwamuru amlipe mlalamikaji yuro 1,000 za gharama. Rufaa ya mwisho nchini Ufaransa iligonga mwamba mwaka 2015. Alipokwenda Strasbourg, jopo la kwanza lilimkatalia mwaka 2021 kwa kura sita dhidi ya moja, na Jopo Kuu likamkatalia mwaka 2023 kwa kura 13 dhidi ya nne.

Jambo la kwanza la kushika hapa, na ndilo linalopotea kila habari hii inaposimuliwa kwa haraka, ni kwamba hakuna mahakama yoyote iliyomwadhibu Sanchez kwa kumkejeli mpinzani wake. Proust, mwanasiasa aliyechekwa, hakuwa mlalamikaji. Sifuri tatu zilipita mbele ya majaji wa ngazi zote bila kuguswa. Kilichoadhibiwa ni maneno yaliyolichukua kundi zima la watu, watu ambao hawakuwa na tovuti iliyochelewa wala hawakuwa wakigombea chochote, yakawafanya kuwa uchafu wa mji, pamoja na ukimya wa mwenye ukurasa aliyeyaona na kuyaacha.

Kiswahili kina msamiati mpana wa kutofautisha mambo haya kuliko sheria zetu nyingi. Tuna kijembe, dongo, fumbo, mpasho, kebehi, kejeli na tashtiti, na msemaji wa kawaida anajua kwamba kurusha dongo si sawa na kutukana, na kutukana si sawa na kuzua. Kejeli hushika tendo au kauli ya mtu na kuionyesha upande wake wa kuchekesha. Tusi huacha tendo na kumshika mtu mwenyewe. Kashfa hudai kwamba jambo fulani limetokea, kwa mfano kwamba kiongozi fulani amekula fedha za ujenzi wa zahanati, na kwa hiyo inaweza kupimwa kwa ushahidi. Matamshi ya chuki humwacha mtu na kulishika kabila lake, dini yake au asili yake. Njia moja nyepesi ya kuyatenga ni kujiuliza kama swali la «je, ni kweli?» lina maana mbele ya maneno husika. Kwa kashfa lina maana na linahitaji jibu. Kwa tusi halina maana yoyote, kwa kuwa hakuna ushahidi unaoweza kuthibitisha au kukanusha kwamba mtu ni bwege. Kwa matamshi ya chuki swali hilo lenyewe ni mtego, kwa sababu anayelijibu ameshakubali kwamba watu maelfu wanaweza kuhukumiwa kwa pamoja.

Lakini kwa nini mzaha kuhusu tovuti ulifika kwenye misikiti ndani ya saa chache? Hapa inabidi tutazame jinsi maoni yanavyojipanga, na mfano wa nyumbani utasaidia zaidi. Tuseme mwandishi wa chama kimoja anabandika picha ya mkutano wa wapinzani wake, viti vya plastiki vitupu vimeenea uwanjani, na juu yake anaandika: «Mafuriko ya viti.» Maneno haya mawili yanachekesha kwa sababu msomaji wa Tanzania anakumbuka jinsi neno «mafuriko» lilivyotumiwa kuelezea umati kwenye mikutano ya kampeni ya mwaka 2015. Hata hivyo, ukishacheka huna cha kujadili. Kejeli nzuri imejitosheleza, haibakizi hoja ya kuendelezwa. Mchangiaji anayetaka naye aonekane hana njia isipokuwa kuongeza chumvi, na anayemfuata huongeza zaidi, na hivyo kila ngazi inausogeza mzaha mbali na picha iliyouzaa.

Chini ya picha hiyo mtu wa kwanza ataandika kwamba nyumbu wamekosa majani. Wa pili, kutoka upande wa pili, atauliza kama buku saba imeshaingia. Watu kadhaa watasema wamekuja kusoma komenti tu. Mmoja ataeleza kwamba picha imepigwa saa saba mchana, ilhali mkutano ulitangazwa kuanza saa kumi, na maelezo yake, ambayo ndiyo pekee yanayohusu ukweli wa picha, yatazama chini kabisa bila kupendwa na yeyote. Kisha atatokea wa kuuliza kiongozi wa chama kile ni mtu wa wapi, na kuanzia hapo mazungumzo yatakuwa ya kabila.

Majina hayo mawili, «nyumbu» kwa wafuasi wa upinzani na «buku saba» kwa wanaodaiwa kulipwa shilingi 7,000 ili wakitetee chama tawala, yanafanya kazi moja ambayo ni nadra kuelezwa. Ukimwita mtu nyumbu umesema anafuata kundi bila akili, na ukimwita buku saba umesema maneno yake yamenunuliwa. Kwa vyovyote vile umejiondolea wajibu wa kumjibu. Hoja yake inaweza kuwa nzito kama jiwe la kusagia, lakini haijibiwi, kwa sababu mtoa hoja ameshaondolewa barazani. Naliona hili kuwa na madhara makubwa kuliko matusi ya nguoni, ambayo angalau kila mtu anayatambua kuwa ni matusi.

Mpangilio wa maoni nao unachangia. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2013 na Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor uliyafuatilia maoni zaidi ya 100,000 kwenye tovuti ya habari kwa miezi mitano. Watafiti waliyapa baadhi ya maoni kura moja tu ya kuunga mkono, bila mpangilio wowote, mara tu yalipochapishwa. Maoni hayo yalimaliza yakiwa na alama zilizo juu kwa wastani wa asilimia 25 kuliko yale ambayo hayakuguswa. Kura moja ya mwanzo, isiyo na sababu yoyote, iliwavuta wengine. Kwa hiyo anayewahi, akiwa na rafiki mmoja wa kumpendea maoni yake, anaweza kuamua sura ya mjadala mzima, na watu wa vyama wanaliweka hilo akilini, ndiyo maana maoni ya kwanza chini ya chapisho la kisiasa yanafika kabla msomaji wa kawaida hajamaliza kulisoma chapisho lenyewe.

Kuna tatizo jingine, nalo ni mahali. Kwa watu wa pwani neno baraza lina maana ya kushikika kabla halijawa Baraza la Mawaziri au Baraza la Wawakilishi: ni ile sakafu iliyoinuliwa, ya mawe na chokaa, mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja, ambapo wageni huketi bila kuingia ndani. Baraza ni la wote, lakini lina mwenyewe. Mpita njia anakaa, anakunywa kahawa, anatoa dongo kwa chama anachokichukia, na kila mtu anajua nyumba ile ni ya nani. Maneno yakivuka mpaka, mwenye nyumba hukohoa, na asiyeelewa kikohozi huambiwa waziwazi. Hakuna anayedai kwamba mwenye baraza ndiye aliyesema maneno ya mgeni. Hata hivyo, akinyamaza siku nzima huku jirani yake akitukaniwa dini, jirani huyo hatamlaumu mgeni peke yake.

Zanzibar ina mfano ulio karibu zaidi na kurasa za kisiasa za leo, tena wa kabla ya simu za mkononi kuenea. Maskani ya Kisonge, pale Michenzani, maskani ya wafuasi wa CCM, ilijulikana kwa ubao wake ambao juu yake viliandikwa vijembe dhidi ya wapinzani, na wafuasi wa upinzani nao walikuwa na baraza lao maarufu la kahawa na siasa pale Jaws Corner. Maandishi ya ubaoni yalikuwa makali, na nyakati za uchaguzi yalivuka mipaka. Ila yalikuwa na mipaka ya aina nyingine ambayo tumeipoteza bila kuiona ikiondoka. Maskani ilijulikana, kwa hiyo lawama ilikuwa na anwani. Aliyesimama kusoma na kucheka alionekana na majirani zake. Na chaki ilifutika kesho yake, na kilichoandikwa Michenzani hakikumfikia mtu wa Wete, kisiwani Pemba, kikiwa kimekatwa kichwa na miguu kwa picha ya skrini.

Ukirudi nyuma zaidi utakuta utaratibu ulio mkali kuliko huo. Mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Mombasa ya Wamazrui na Lamu zilipokuwa zikielekea kwenye vita vya Shela, washairi wa pande mbili walirushiana tungo za kejeli na vitisho, Muyaka bin Haji akiwa ndiye sauti kubwa ya Mombasa na Zahidi Mngumi akiisemea Lamu. Mwenye kujibu hakuruhusiwa kupiga kelele tu. Alipaswa kulishika neno la mwenzake, kulipindua, na kulirudisha likiwa limepangika kwa vina na mizani, mbele ya wasikilizaji waliotambua hata kosa la silabi moja. Tungo za Muyaka zilikusanywa mwishoni mwa karne hiyo mjini Mombasa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmishenari William Taylor, miongo mingi baada ya mshairi kufariki, kwa sababu bado watu walizikumbuka kwa moyo. Sisemi kwamba zama zile zilikuwa za upole. Baada ya mashairi zilifuata panga. Ninachosema ni kwamba kejeli ilidai ujuzi, na jibu lilidai kwamba umsikilize mpinzani wako neno kwa neno kabla hujafungua kinywa.

Tukirudi mahakamani, suala la mwenye baraza ndilo lililowagawa majaji wa Strasbourg. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1982 kuhusu mawasiliano ya sauti na picha, iliyotungwa kabla ya Facebook kuwepo, humhesabu anayefungua ukumbi wa mawasiliano ya umma kuwa na wajibu kwa yale yanayotumwa na wengine iwapo aliyajua na hakuyaondoa upesi. Majaji walio wengi walitazama mambo mahususi. Ukurasa wa Sanchez ulikuwa wazi kwa umma kwa hiari yake mwenyewe. Kipindi kilikuwa cha kuelekea uchaguzi, ambapo maneno ya chuki huwaka haraka. Alikuwa mwanasiasa mzoefu, si kijana aliyejiunga jana. Na maoni yaliyofuata kijembe chake yalikuwa kama 15 tu, kiasi ambacho mtu anayamaliza kuyasoma kabla kahawa haijapoa. Majaji wanne waliopinga walikuwa na hofu ambayo siwezi kuipuuza, kwamba mtu akijua ataadhibiwa kwa maneno ya mgeni, atafuta kila linalomtia shaka, na wa kwanza kufutwa watakuwa wakosoaji.

Mahakama hiyohiyo ilikwisha kupita njia hiyo angalau mara mbili kabla. Mwaka 2015, katika shauri la tovuti ya habari ya Delfi ya Estonia, ilikubali kwamba kampuni iwajibike kwa maoni ya wasomaji chini ya habari ya mwaka 2006 kuhusu kampuni ya vivuko. Kati ya maoni 185, kama 20 yalikuwa na vitisho na matusi makali dhidi ya mmiliki mkuu wa kampuni hiyo, na yalikaa wiki sita kabla ya kuondolewa. Fidia iliyotolewa ilikuwa yuro 320 tu, lakini wenye tovuti Ulaya nzima walishtuka. Mwaka mmoja baadaye, katika shauri kutoka Hungary, mahakama iliwapa ushindi wenye tovuti, kwa kuwa maoni yaliyolalamikiwa yalikuwa machafu lakini hayakuwa na chuki wala vitisho. Ukiyasoma mashauri haya matatu kwa pamoja, mstari unaonekana. Uchafu wa lugha peke yake hautoshi kumtia hatiani mwenye baraza. Kinachotazamwa ni uzito wa maneno, kama mwenye ukurasa aliyajua, na alichukua muda gani kuchukua hatua.

Marekani imeshika njia nyingine kabisa tangu mwaka 1996, kwa kifungu cha 230 kinachosema kwamba anayetoa ukumbi hachukuliwi kuwa ndiye msemaji wa maneno ya wengine. Huko mwenye baraza hana kesi, mgeni ndiye mwenye kesi.

Na huku kwetu? Hapa ndipo ninapotaka msomaji alinganishe. Mwaka 2016, huko Arusha, mtu mmoja alitiwa hatiani kwa kutumia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 baada ya kuandika Facebook akipinga Rais John Magufuli kufananishwa na Mwalimu Nyerere, na ndani ya sentensi yake aliweka neno «bwege». Alihukumiwa kulipa faini ya shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka mitatu. Yaweke maneno hayo kwenye mizani niliyoieleza. Hayakulitaja kabila, hayakuitaja dini, hayakumtishia mtu, na wala hayakudai kwamba kuna jambo limetendeka. Lilikuwa tusi dogo ndani ya maoni kuhusu mtu mwenye madaraka makubwa kuliko yote nchini. Nîmes ilimwacha mwanasiasa achekwe na ikawalinda watu waliosingiziwa kwa sababu ya dini yao. Arusha ilimlinda mwanasiasa. Miaka miwili baadaye kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zikawataka wenye blogu nchini Tanzania walipie leseni ya shilingi milioni moja, juu ya ada ya maombi, na kuwabebesha wajibu wa kuyaondoa maudhui yaliyokatazwa. Wengi walifunga milango. Aliyekuwa akiandika kuhusu barabara mbovu ya kata yake hakuwa na milioni moja ya kuchezea.

Kenya ilianzia mahali hapohapo lakini mahakama zake zikageuza njia. Desemba 2014 mwanablogu Robert Alai aliandika kwenye Twitter kuhusu Rais Uhuru Kenyatta maneno ya kumfananisha na kijana aliye katika umri wa kubalehe, akisema kiti kile kinahitaji ukomavu. Alishtakiwa kwa kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu kudhoofisha mamlaka ya mtumishi wa umma. Mwaka 2017 Jaji Chacha Mwita alikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba ya mwaka 2010. Mwaka uliotangulia Jaji Mumbi Ngugi alikuwa ameshakiondoa kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano, kilichotumika kuwakamata wanablogu kwa maneno yasiyo na tafsiri ya wazi. Wakati huohuo Kenya imebaki na sheria ya mwaka 2008 ya utangamano wa kitaifa, iliyozaliwa na vurugu zilizofuata uchaguzi wa 2007, ambayo inalenga matamshi ya chuki ya kikabila. Kimaandishi huo ndio mgawanyo ninaouona kuwa wa haki: mkubwa achekwe, kundi dhaifu lilindwe.

Kimatendo bado ni safari ndefu. Sheria ya mwaka 2018 ya makosa ya kompyuta ilirudisha adhabu nzito kwa habari zinazodaiwa kuwa za uongo. Na Juni 2025 mwalimu kijana aliyekuwa pia mwanablogu alifia mikononi mwa polisi jijini Nairobi baada ya kukamatwa kwa sababu ya maandishi yaliyomhusu afisa mkuu wa polisi. Siwezi kuandika kuhusu mipaka ya kejeli nikapita juu ya kifo hicho. Hata kama maandishi yale yangekuwa ya uongo, nchi ina mahakama za kusikiliza madai ya kashfa. Kinyume chake, wananchi walipomwita Rais William Ruto Zakayo, wakimkumbuka mtoza ushuru wa Biblia aliyepanda mkuyu, na vijana wakaimba barabarani Juni 2024 kwamba Zakayo ashuke, jina lilisambaa nchi nzima na rais mwenyewe akalitaja hadharani. Zakayo ni kejeli iliyo kamili. Inamshika kiongozi kwenye tendo lake, yaani kodi, haimtaji mama yake wala kabila lake, na kila anayeisikia anaelewa ni sera gani inayopingwa.

Ukurasa ukiwa na maoni 15,000 si haki kumdai mwenyewe awe amesoma kila mstari, na kwa hili nadhani onyo la wale majaji wanne linapaswa kuheshimiwa. Mwenye kundi dogo hana udhuru huo. Wakati wa kampeni za mwaka 2015 nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja, watu 60 na kitu. Mtu mzima mmoja tunayemheshimu alileta kijembe kuhusu namna mgombea mmoja alivyopanda ngazi za jukwaa. Tulicheka. Kufikia jioni mzaha ulikuwa umeshakuwa wa kabila, na dada mmoja wa kabila hilo, ambaye hakuwa ameandika chochote siku nzima, alitoka kwenye kundi bila kuaga. Maneno yale nilikuwa nimeyaona tangu alasiri. Nilinyamaza kwa sababu mwandishi alikuwa mkubwa wangu, na nilidhani heshima inanizuia. Nilimpigia dada yule wiki mbili baadaye, akaniambia kwamba kilichomuumiza si yule aliyeandika, kwani alimjua siku nyingi, bali ni sisi wengine tuliokuwa tukionekana kwamba tumesoma.

Limebaki jambo moja kutoka Nîmes ambalo halikusikika sana katika mabishano ya wanasheria. Mwenzi wa Proust alipoyaona maoni yale tarehe 25 Oktoba, kabla hajaenda popote, alikwenda kwenye saluni ya mmoja wa wachangiaji, ambaye alimfahamu ana kwa ana. Mchangiaji yule hakuwa na habari kwamba ukuta wa Sanchez ulikuwa wazi kwa kila mtu; aliandika kama anayeongea na wenzake. Aliyafuta maneno yake palepale. Faini ya yuro 4,000 aliilipa vilevile.